Mkongo wa Nyumbani: Umeme Unahitajika Wapi?

Siku hizi ukipita katika mitaa mingi ya jiji la Mwanza utaona waya mweusi mwembamba umefungwa kwenye nguzo. Unatoka nguzo hii unakwenda nguzo ile, halafu unaingia nyumbani kwa mtu. Waya huo si wa umeme. Si wa simu za zamani pia, zile za kuzungusha namba kwa kidole. Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Wengi tunauita mkongo. Vijana wanauita faiba.

Katika uzi huo hakupiti umeme. Unapita mwanga. Mtambo wa upande mmoja unawasha na kuzima taa ndogo sana mamilioni ya mara kwa sekunde moja, na mtambo wa upande wa pili unasoma kule kuwaka na kuzimika, kama sisi tunavyosoma herufi. Hivyo ndivyo maneno, picha na sauti vinavyosafiri. Mwanga ndani ya kioo hukimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza hautumii hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Sasa, kuna namna mbili za kuufikisha mkongo nyumbani kwa mtu. Ya kwanza inahitaji umeme njiani. Ya pili haihitaji umeme njiani. Wakala anayeuza huduma mara nyingi halielezi jambo hili. Atakuambia bei ya mwezi na kasi, basi. Lakini kwetu sisi wa kandokando ya ziwa, ambako umeme hukatika na radi hupiga usiku kucha wakati wa masika, tofauti hii ndiyo inayoamua kama utapata huduma uliyolipia au utabaki unaangalia taa nyekundu.

Mkongo ulifikaje huku?

Zamani kidogo intaneti ya Tanzania ilipita zaidi angani, kwenye mitambo ya satelaiti, na bei yake ilikuwa kubwa. Julai 2009 mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ulianza kazi Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata mkongo mwingine wa baharini, EASSy. Mwaka huohuo wa 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao unasimamiwa na TTCL kwa niaba ya Serikali. Mkongo huo ulifika Mwanza, na unapakana na mikongo ya nchi jirani kama Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Zambia. Sehemu nyingine umezikwa ardhini kando ya barabara. Kwingine umepita juu ya minara mikubwa ya TANESCO, ndani ya ule waya wa juu kabisa unaokinga njia ya umeme na radi. Wengi wetu tumepita chini yake bila kujua.

Huo ndio mkongo mkuu, tuseme barabara kuu. Katika barabara kuu mitambo ya umeme haikwepeki, maana mwanga ukisafiri mbali huchoka, na kila baada ya makumi ya kilometa lazima utiwe nguvu upya. Habari yetu ya leo ni ile njia ya mwisho, kutoka kituo cha mji hadi mlangoni kwako.

Njia yenye umeme

Hebu tutumie mfano wa maji. Maji ya Mwanza huvutwa ziwani, kwa mfano pale Capri Point, yakasukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya milimani. Pampu ikisimama, maji hayapandi. Lakini yakishafika kwenye tangi la mlimani, hushuka yenyewe hadi bombani kwako. Hayo ya kushuka yenyewe tunayaita maji ya mserereko.

Njia yenye umeme ni kama kuwekewa pampu nyingine mtaani, katikati ya tangi na nyumba yako. Uzi wa kioo unatoka kituoni hadi kwenye kabati la chuma lililosimama mtaani. Ndani ya kabati mna mtambo unaoitwa swichi. Si swichi ya kuwashia taa. Hii ni mashine inayosoma kila ujumbe, ikaangalia ni wa nyumba gani, ikaupeleka kwenye uzi wa nyumba hiyo. Kila nyumba ina uzi wake peke yake kutoka kwenye kabati. Mashine hiyo inakula umeme mchana na usiku. Inapata joto, inahitaji feni, na inahitaji betri za kushikilia umeme ukikatika.

Njia hii ina uzuri wake, wala tusiidharau. Uzi wa kutoka kabatini ni wako, hugawani na jirani. Kifaa cha jirani kikiharibika, wewe huna habari. Fundi akikaa kituoni anaona mara moja ni nyumba ipi yenye hitilafu. Na kwa kuwa mtambo wa kabatini unatia mwanga nguvu upya, njia inaweza kwenda mbali. Miji mingi ya Uswidi iliunganisha nyumba zake kwa njia hii na watu wanaridhika.

Lakini Uswidi si Misungwi. Kabati la huku linakaa juani, linaingia vumbi, na siku umeme unapokatika linategemea betri. Betri zikizeeka, zinashika saa moja badala ya sita. Na betri ni mali. Mwizi anajua pa kuziuza. Halafu kuna radi. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu za dunia zenye ngurumo na radi nyingi, hasa usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji na kuinua mawingu. Wavuvi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Kila kabati lililounganishwa na nguzo ya umeme ni mlango wa radi kuingilia.

Njia isiyo na umeme

Katika njia ya pili, kabati lenye mashine halipo. Mahali pake pana kisanduku kidogo, pengine kimefungwa juu ya nguzo, na ndani yake mna kipande cha kioo kinachogawa mwanga. Mafundi wanakiita spilita. Sisi tutakiita kigawa mwanga. Hakina waya wa umeme, hakina betri, hakina feni. Mwanga unaingia kwa uzi mmoja na unatoka kwa nyuzi mbili, kila mmoja ukibeba nusu. Zile mbili zinagawanywa kuwa nne, nne kuwa nane, nane kuwa 16, na 16 kuwa 32. Ndiyo maana utasikia kwamba uzi mmoja wa kituoni unahudumia nyumba 32. Wengine hufika 64.

Ni mserereko mtupu. Kituo kinatoa mwanga, na mwanga unajigawa wenyewe njiani mpaka nyumbani.

Msomaji makini atauliza hapo: kama mwanga uleule unaingia nyumba zote 32, si jirani atasoma barua zangu? Swali hili ni la haki. Ni kweli kwamba mwanga wa kutoka kituoni unafika kwa wote. Lakini kila ujumbe una alama ya nyumba unakokwenda, na kifaa cha nyumbani kinachukua chenye alama yake na kuacha vingine. Tena ujumbe umefungwa kwa kufuli la hesabu, na ufunguo ni wa kifaa chako na kituo tu. Kuna ulinzi basi.

Na wa kurudi je? Nyumba zote 32 zikituma kwa pamoja, mianga itagongana kwenye uzi mmoja. Hapa mafundi wamefanya kama mwenyekiti wa mkutano wa kijiji. Kituo kinampa kila mmoja zamu yake ya kusema. Zamu ni fupi mno, ni sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo hakuna anayehisi kwamba anasubiri. Kituo kinapima hata umbali wa kila nyumba, ili aliye mbali aanze kusema mapema kidogo na maneno yake yafike kwa zamu.

Mkutano wowote unaweza kupata mlevi. Kifaa kimoja kikiharibika vibaya kikaanza kutoa mwanga bila zamu, kinawavuruga wote 32. Halitokei kila siku, lakini likitokea fundi anaweza kuhangaika kutwa nzima akizima nyumba moja moja mpaka ampate mwenye kosa. Vilevile, uzi unaotoka kituoni hadi kwenye kigawa mwanga ukikatwa na jembe au katapila, nyumba zote 32 zinazimika pamoja. Huo ndio udhaifu wa njia hii, na anayeuza hatakutajia.

Je, kugawana kunatupunja?

Watu wengi wakisikia neno kugawana wanaona wataibiwa. Tufanye hesabu. Megabiti ni kipimo cha wingi wa habari, kama debe lilivyo kipimo cha mahindi. Mitambo ya aina iliyoenea sana ya njia isiyo na umeme inashusha megabiti 2,500 hivi kila sekunde kwenye uzi mmoja. Gawa kwa nyumba 32. Unapata 78. Hayo ni mafungu ya nyumba zote 32 zikitumia kwa nguvu zote kwa dakika ileile, jambo ambalo ni adimu. Picha safi ya video inahitaji kama megabiti 5. Kwa hiyo hata siku ya fainali ya mpira, wote wakiangalia, chakula kinatosha. Kupandisha, yaani kutuma kutoka nyumbani, ni megabiti 1,250 hivi, gawa kwa 32, unapata 39. Bado inatosha mtu kupeleka picha za dagaa kwa mnunuzi aliye Dar es Salaam, au mtoto kutuma kazi ya shule.

Mtandao ukienda polepole jioni, mara nyingi kosa haliko kwenye kigawa mwanga. Huenda liko mbele zaidi, mahali kampuni imenunua njia ndogo ya kutoka mjini. Na hilo linaweza kutokea kwa namna zote mbili.

Umeme ukikatika

Sasa tumefika penyewe. Tuchukue usiku mmoja. Dhoruba imetoka ziwani, umeme umekatika mtaa mzima. Tujiulize: ili intaneti iendelee, ni mahali pangapi pawe na umeme?

Kwa njia yenye umeme ni mahali patatu. Kituoni, kabatini, na nyumbani kwako. Kituo kina betri na jenereta. Nyumbani unaweza kujitegemea. Lakini kabati si lako, huna ufunguo wake, na huwezi kulipelekea betri. Betri za kabati zikiisha, umekwisha nawe, hata kama nyumba yako inang'aa taa za sola.

Kwa njia isiyo na umeme ni mahali pawili tu: kituoni na nyumbani. Katikati hakuna kinachozimika. Kwa maoni yetu, hilo peke yake linatosha kuipa njia hii ushindi huku kwetu. Tunakumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ambapo mitaa ilikaa gizani kwa saa nyingi. Wakati kama huo mwenye sola ndogo na mkongo wa namna ya pili anaweza kuendelea na kazi zake, mradi kituo kina jenereta.

Lakini tuwe waangalifu. Mtu akikuambia kwamba mkongo huu hauhitaji umeme kabisa, anakudanganya, au naye hakuelewa. Hauhitaji umeme njiani. Kile kisanduku cheupe anachokufungia ukutani kinahitaji umeme, na umeme ukikatika kinazimika pamoja na taa zako.

Habari njema ni kwamba kisanduku hicho hakili sana. Vingi vinatumia volti 12 na wati 10 hivi, kama taa moja ndogo. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Wati 10 kwa saa 10 za usiku ni 100. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina 12 mara 20, yaani 240. Betri haifai kukaushwa yote, tuseme tunatumia nusu, yaani 120. Inatosha usiku mzima, na inabaki ya kuchaji simu. Ila usiunganishe betri ya sola moja kwa moja kwenye kisanduku bila fundi. Betri inapochajiwa juani hupanda juu ya volti 12, na kisanduku kinaweza kuungua. Na wakati wa radi chomoa kisanduku kwenye soketi. Uzi wa kioo hauleti radi, lakini waya wa TANESCO unaileta.

Vijijini itafika lini?

Tuseme ukweli. Vijiji vingi vya Sengerema, Kwimba, Magu na Ukerewe bado vinapata intaneti kwa minara ya simu, na itaendelea kuwa hivyo kwa muda. Mkongo unaofika nyumbani ni wa mjini kwanza, kwa sababu nyumba zimekaribiana. Mwanga uliogawanywa mara 32 ni dhaifu, na kwa kawaida njia isiyo na umeme haiendi zaidi ya kilometa 20 kutoka kituoni. Magu iko zaidi ya kilometa 50 kutoka Mwanza mjini. Kwa hiyo uzi hauwezi kuvutwa kutoka jijini hadi Magu bila umeme. Lazima kituo kijengwe Magu penyewe, kiunganishwe na mkongo mkuu, na kutoka hapo nyuzi zigawanywe kwa wananchi. Ziwa nalo ni kikwazo kingine. Na huku kwetu hata mwamba ni kikwazo. Kuchimba mtaro kwenye mawe ya Mwanza ni kazi ya watu wenye subira, ndiyo maana waya mwingi unapita juu kwenye nguzo.

Hata hivyo shule, zahanati, ofisi ya kata au chama cha ushirika kilichoko karibu na kituo kinaweza kufikiwa mapema. Hospitali kubwa, benki na viwanda vya samaki, ambao hawawezi kuvumilia hata dakika chache za kosa la jirani, ni heri wavutiwe uzi wao peke yao. Bei yake ni kubwa, lakini wana mafundi na majenereta yao. Kwa nyumba ya kawaida, duka la M-Pesa, au mwalo wenye ofisi ndogo ya kupima samaki, kulipia njia ya peke yako ni kununua lori la kubebea debe moja.

Wakala akija kijijini au mtaani, mwulize kwanza kama katikati ya kituo na nyumba yako kuna kabati lenye umeme. Akisema lipo, uliza betri zake zinashika saa ngapi. Akisema halipo, uliza kituo chenyewe kina jenereta au hakina, na uzi mmoja unagawiwa nyumba ngapi. Uliza kisanduku ni mali ya nani kikiungua. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, nawe usome kabla ya kutia saini. Kampuni ikikataa kukusikiliza baada ya kuipelekea malalamiko yako, unaweza kuyafikisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Viongozi wa vijiji nao waulize njia ya mtaro itapita shamba la nani, na wahakikishe alama za njia zinawekwa, ili mtu asije akakata uzi wakati wa kulima. Wapo pia wanaokata waya huu wakidhani wamepata shaba. Ndani hamna shaba, na kioo hicho hakina mnunuzi.

Jambo la mwisho ni taa za kisanduku. Kwenye vingi utaona herufi PON na herufi LOS. Taa zote zikizimika, tatizo ni umeme wako. PON ikiwa ya kijani na haipepesi, mwanga wa kituoni unafika vizuri. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatika, umepindwa sana, au umechomoka. Angalia kwanza kama kabati la nguo au kitanda hakijaukandamiza ukutani, maana uzi wa kioo ukikunjwa kama kamba mwanga unavuja. Kama hukuona kitu, piga simu kwa mafundi uwaambie hivyohivyo, "LOS ni nyekundu", wataelewa upesi. Usichomoe ncha ya uzi ukachungulia ndani. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuumiza jicho. Na fundi akimaliza kazi, vile vipande vidogo vya kioo alivyokata avichukue vyote, asiviache sakafuni wanapotambaa watoto.